Zimwi Lililouawa Darasani

Pale Memorial, Moshi, ukishapita mabanda ya viatu na marobota ya mashati, kuna kijana anatandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai la bluu. Hana rafu wala mpangilio. Biblia imelalia kitabu cha uhasibu, kitabu cha uhasibu kimelalia mwongozo wa kulea mbwa, na katikati ya fujo hiyo zimo riwaya za vijana zenye majalada ya kung'aa: upinde, moto, mbawa, jicho la msichana. Nyingi zina muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani, na juu yake umegongwa muhuri mwingine wa kusema kitabu kimeondolewa. Bei inaanzia elfu tano na inashuka kadiri unavyojifanya unaondoka.

Mwezi wa sita mpwa wangu, aliyekuwa kwetu likizo, alinunua hapo kitabu cha kwanza na cha tatu cha mfululizo mmoja. Cha pili hakikuwepo. Nilimshauri asubiri kipatikane. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asubiri ugali upoe kabisa ndipo ale.

Wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye kikao cha harusi. Tulipomaliza habari ya ahadi zisizolipwa, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alianza kuwalaumu vijana. Wamekimbilia ndoto za Wazungu, alisema. Wanasoma habari za nchi zisizokuwepo, na mlima ulio nyuma ya nyumba zao hawaujui. Wengi tulikubali kwa vichwa, maana ni mzee na soda zilikuwa zake. Nilirudi nyumbani nikiwa sijakubali.

Mfululizo wenyewe ni The Hunger Games wa Suzanne Collins, ulioanza kutoka mwaka 2008. Wahakiki huziita riwaya za namna hii distopia: nchi ya kubuni iliyopangwa vizuri sana, na mpango wenyewe ndio unaoua watu. Nchi ya Collins inaitwa Panem. Ina makao makuu yanayokula na kusaza, na wilaya 12, kila moja imepewa kazi yake: hii makaa ya mawe, ile kilimo, nyingine samaki. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, waende wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Majina huokotwa kwa bahati nasibu. Hapo ndipo mpwa wangu aliponisimamisha nikiwa napiga mswaki.

"Anko, unajua maskini ana karatasi nyingi kuliko tajiri?"

Akaeleza. Mtoto wa nyumba yenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye bahati nasibu, na kwa kila karatasi anayoongeza anapewa nafaka na mafuta ya kumsukuma mtu mmoja mwaka mzima. Mwaka unaofuata karatasi haziondoki, zinajumlishwa. Katniss, msichana anayesimulia, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye wadogo wengi, lake limo mara 42.

"Si ndiyo kausha damu hii?" akasema, akaondoka zake.

Ndiyo kausha damu, ile mikopo ya mtaani. Mama anachukua laki mbili za sare na ada ya wiki ya kwanza, wiki ya tatu kochi linabebwa mbele ya majirani, na ili kochi lirudi anachukua mkopo mwingine. Binti aliyeona hayo mtaani kwao Majengo au Pasua haoni ndoto anapofungua kitabu cha Collins. Anaona mtu wa mbali sana amemwelewa, na kwa lugha ya kigeni, jambo ambalo nakiri linaniuma kidogo.

Nilimpa na mimi la kwangu. Wilaya ya 11 katika kitabu hicho ni ya wakulima, na wakila wanachovuna wanachapwa viboko. Babu yangu alilima kahawa chini ya migomba maisha yake yote. Ilipelekwa chamani, ikaingia kwenye maghala ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa 1933, ikanadiwa hapahapa Moshi, ikapanda meli. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi. Sikumbuki kumwona babu na kikombe cha kahawa yake mkononi hata siku moja. Hakuna aliyemchapa, na sitaki kulinganisha vitu visivyolingana, kwani kahawa hiyo ndiyo iliyojenga shule nyingi za mlimani na kumsomesha baba yangu. Ila nilipomsimulia mpwa wangu hakushangaa. Aliuliza tu bei ilipangwa na nani.

Kisha kuna suala la kupangwa. Riwaya ya Divergent ya Veronica Roth, ya mwaka 2011, imewekwa Chicago iliyobomoka, ambako kila kijana akifika miaka 16 hupimwa, halafu huchagua kundi moja kati ya matano ya kuishi nalo hadi kufa. Akishindwa majaribio ya kundi alilochagua, hana kundi, anabaki mtu wa mtaani. Kifasihi sikuipenda sana. Msichana anapenda kijana mkali mwenye huzuni, kijana mkali mwenye huzuni anampenda msichana, na serikali inasubiri wamalize. Lakini umri ule, miaka 16, ndio umri ambao huku kwetu mtoto anaingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yakitoka, jina halipo. Kuna namba ya shule, mkwaju, namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza. 34 na 35 ni sifuri. Halafu unangoja kuona umepangiwa shule ipi na tahasusi ipi, na aliyejaza HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kwa moyo wake wote anaweza kuamkia chuo cha ufundi mkoa asioujua. Hadi Januari 2023, baraza la mitihani lilipoacha utaratibu huo, kulikuwa pia na kumi bora: wanahabari walikimbilia nyumbani kwa mtoto aliyeongoza, vigelegele, kamera, mama analia. Nani atamwambia mtoto wa kidato cha tatu kwamba sherehe ya kuwagawa vijana mbele ya kamera ni jambo la kubuni?

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mzee wetu naiweka pembeni. Watoto hawa hawajakimbia nyumbani.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyonikaa kooni: kama wanataka hadithi, mbona za kwetu hawazitaki? Maana ngano nazo zinasomwa sana siku hizi, ilimradi ziwe za wengine. Kwenye turubai lile la Memorial niliona Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka 2018. Ameijenga juu ya miungu na imani za Wayoruba: mfalme amewaua wenye uwezo wa kichawi, na msichana mwenye nywele nyeupe anataka kuurudisha uwezo huo. Watu hao wenye uwezo wanaitwa maji. Mpwa wangu alicheka sana aliposoma sentensi ya kwanza yenye neno hilo, akasema anaona ndoo. Mimi sikucheka. Niliwaza vita vya Maji Maji: Ngarambe, Kinjikitile, dawa iliyochanganywa na maji, na watu waliokwenda mbele ya bunduki za Wajerumani mwaka 1905 wakiamini risasi zitayeyuka. Kama mwandishi wa Marekani angelibuni hilo, vijana wetu wangelinunua kwa elfu tano. Kwa kuwa lilitokea kweli, wamelikariri kama sababu sita za kushindwa kwa vita.

Hapo ndipo ninapoona tatizo, na naomba nikae hapo kidogo.

Wachagga wana hadithi ya Murile. Sikuipata kwa bibi yangu. Ama hakuijua, ama kanisa lilimfika kabla hajafikia umri wa kuisimulia. Niliikuta kwenye kitabu cha Kiingereza cha Alice Werner cha mwaka 1933, mambo ya ngano za Wabantu. Ngano za Kichagga za namna hiyo zilikusanywa kwa wingi na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa Old Moshi miaka mingi. Yaani hadithi ilitoka huku Uchaggani, ikapitia Kijerumani, ikaingia Kiingereza, ndipo ikanifikia mimi ninayekaa kilomita chache kutoka ilikoanzia.

Murile ni mtoto wa kiume. Anakwenda shambani na mama yake kuchimba magimbi, anaona gimbi moja la mbegu, analipenda. Zuri kama mdogo wangu, anasema. Mama anacheka. Murile analificha kwenye tundu la mti, na kesho yake gimbi limekuwa mtoto mchanga. Kila siku anampelekea chakula chake mwenyewe, yeye anakonda, mtoto ananenepa. Ndugu zake wanamfuatilia, wanagundua, wanamwambia mama. Mama anakwenda na kumuua yule mtoto.

Murile analia. Wanamuuliza unalia nini, anasema ni moshi wa jikoni. Wanamwambia hamia upande huu. Bado analia. Wanamwambia basi chukua kiti cha baba ukakae nje. Anakaa uani juu ya kigoda cha baba yake, anaanza kukiimbia: kiti, panda juu, panda kama kamba ya baba anapotundika mzinga wa nyuki msituni. Na kigoda kinapanda. Mama anatoka anamwita, anamsihi arudi, naye anajibu kwa wimbo kwamba harudi.

Huko juu anakutana na wakata kuni, wakata majani, wachungaji, wavunaji. Kila kundi linamwambia tusaidie kidogo kwanza, ndipo tutakuonyesha njia ya kwa mfalme wa Mwezi. Watu wa Mwezi anawakuta wanakula vibichi, hawaujui moto. Anawapekechea moto, anawaonjesha nyama ya kuchoma, wanamjalia ng'ombe na mbuzi mpaka anatajirika. Kisha nyumbani kunamvuta. Anatafuta ndege wa kutanguliza habari, anawakataa mmoja baada ya mwingine, na anayemchagua ni ndege mwigaji wa sauti. Hapa mpwa wangu aliruka kwenye kochi, kwa sababu alama ya uasi katika vitabu vya Collins ni ndege wa aina hiyohiyo, mwenye kuiga nyimbo za watu.

Safari ya kurudi ni ndefu, Murile anachoka. Dume la ng'ombe linamwambia: nikikubeba, siku nikichinjwa utakula nyama yangu? Anaapa hatakula. Analipanda, anafika, anawasihi wazazi dume hili lisichinjwe. Baba anavumilia hadi limezeeka, halafu analichinja. Murile hagusi nyama. Lakini mama ameficha mafuta, na siku moja, kwa mapenzi ya mama anayetaka mwanawe ale vizuri, anayachanganya kwenye unga. Murile anatia mdomoni, na nyama inasema naye: unathubutu kunila mimi niliyekubeba mgongoni? Uliwe kama unavyonila. Anaanza kuzama ardhini. Anamwambia mama, si nilikukataza? Anazama hadi ardhi inajifunga juu yake, na hadithi imekwisha.

Nimeisoma mara nyingi na kila mara mwisho unanikuta sijajiandaa. Aliyeua mtoto mchanga anabaki hai jikoni kwake. Aliyetimiza kiapo ndiye anayemezwa. Watu wa Mwezi, ambao katika riwaya ya leo wangekuwa maadui wa kupigwa kwa mishale, ni wakarimu tu. Na ukatili wa kwanza na wa mwisho vimetoka mkono uleule, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa upendo. Waandishi wa riwaya za vijana wangegombania mkataba wa filamu kwa hadithi hii.

Sasa ipeleke darasani. Baada ya nukta ya mwisho kuna swali ambalo kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii analijua: hadithi hii inatufundisha nini? Murile anatufundisha nini? Tusile mafuta? Tuwasikilize ng'ombe? Hadithi isiyojibu swali hilo haiingii kitabuni, na inayoingia hukatwa kucha mpaka ijibu. Ndivyo tulivyobaki na sungura mjanja na fisi mlafi wakitufundisha kwamba tamaa si nzuri. Zimwi, lililokuwa likimeza kijiji kizima na ng'ombe wake, limegeuzwa ishara ya ukoloni mamboleo, na ukoloni mamboleo ukawa hoja ya kwanza kati ya hoja tatu zinazotakiwa kwa kila kitabu. Mtoto wa miaka 15 haogopi hoja. Anatafuta zimwi, na turubai la Memorial linalo.

Hata Kusadikika ya Shaaban Robert haikupona. Ilitoka mwaka 1951, miaka 57 kabla ya Panem, mwandishi akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni: nchi inayoelea angani, inayowatuma wajumbe wake pande sita, juu na chini zikiwemo, na kila anayerudi na wazo jema anatiwa gerezani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wasome sheria, anasimama mahakamani na kusimulia safari za wale wafungwa mpaka watawala wenyewe wanayumba. Hana upinde. Ana ulimi. Distopia gani unataka zaidi ya hiyo? Nilimpa mpwa wangu. Alifika kurasa ishirini na kitu, akairudisha. Alisema inaongea kama mgeni rasmi. Nilimkubalia nusu, maana Shaaban hupenda sentensi iliyovaa kanzu na joho kwa pamoja. Nusu nyingine nilimbishia: tayari alikuwa ameambiwa shuleni kwamba kitabu hicho ni uongozi mbaya, uonevu na nafasi ya elimu katika jamii. Akishajua jibu, atasomea nini? Vivyo hivyo kwa Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambayo ina chombo cha angani, hukumu ya kifo na sayari ya watu walioishi kwa haki. Jina lake ukilitamka polepole unasikia "wale ni sisi". Nimekutana na vijana wachache sana walioigusa bila kulazimishwa.

Siwalaumu walimu peke yao. Mchapishaji wa Kiswahili anaishi kwa mtaala, riwaya isiyo kwenye orodha ya shule hulala ghalani, na mwandishi mwenye njaa anajifunza upesi kuandika kwa ajili ya orodha. Orodha inapenda maadili. Kwa hiyo giza limehamia kwenye simu, kwenye simulizi za WhatsApp na Facebook, ambako majini wanaoa wasichana wa Sinza, wachawi wanasafiri kwa ungo, na kila kipande kinaishia mahali pabaya na neno ITAENDELEA. Unataka sehemu ya 21 hadi 40, tuma elfu moja kwa namba hii. Zimejaa makosa ya tahajia, na nyingine wahusika wanabadilika majina katikati kwa sababu mwandishi amesahau. Ila zina kitu ambacho vitabu vyetu vya orodha havina: msomaji anayelipa ili ajue kitakachotokea. Mhariri mmoja mwenye subira akikaa na waandishi wale miezi sita, tutapata riwaya.

Kuhusu wazazi wanaoogopa kwamba vitabu vya uchawi vitawaingiza watoto ushirikina, sina mengi. Watoto hao hao Jumapili wanamsikia punda wa Balaamu akisema na bwana wake, na sijamwona hata mmoja anayezungumza na punda.

Usiku mmoja wa likizo ile umeme ulikatika, baridi ya mwezi wa sita imeshuka kutoka mlimani, wadogo wote wamejibana jikoni kwenye jiko la mkaa. Mpwa wangu alikuwa akiwasimulia. Nikasimama mlangoni na tochi yangu nimeizima. Alikuwa amemaliza kitabu cha kwanza, na kwa kuwa cha pili hana, alikuwa akikitunga mwenyewe. Msichana mwenye upinde alikuwa amejificha kwenye mahandaki ya Marangu, yale ambayo wazee walichimba kujificha na ng'ombe wao enzi za vita, askari wa makao makuu wanamtafuta na tochi, na nje ya tundu la handaki, kwenye majani, kulikuwa na kigoda.

"Cha nani?" akauliza mdogo wao, wa miaka sita.

"Nyamaza usikie."

Jumamosi yule kijana wa Memorial alinipigia: cha pili kimepatikana, ni kizima, jalada tu limechanika, elfu nne. Nikampelekea mpwa wangu habari. Alikuwa anamenya ndizi. Alifikiri, akafuta kisu.

"Mwambie akiweke kwanza, anko. Wadogo zangu bado hawajafika mwezini."